Boti ya kustaafia: anza na shetri, makochi baadaye

Msomaji wa Mbezi Beach ameniandikia barua ndefu. Naifupisha. Amestaafu mwaka jana akiwa na miaka 60, kazi yake ilikuwa upimaji wa ardhi. Mkewe ni mwalimu mstaafu na watoto wameshajitegemea. Siku zote wametamani boti yenye chumba cha kulala: Mbudya na Bongoyo mwisho wa wiki, Bagamoyo na Unguja mara mbili tatu kwa mwaka, na Mungu akijalia Mafia. Sasa ameonyeshwa boti ya futi 32 iliyotengenezwa Marekani mwaka 1994. Ina injini mbili za petroli zilizokaa ndani, na miguu yake ya propela imetokeza nje ya shetri, yaani ukuta wa nyuma wa boti. Iko juu ya magogo kwenye yadi kwa miaka mitatu sasa. Chumbani kuna makochi ya ngozi, kiyoyozi na televisheni. Bei itakula zaidi ya theluthi ya kiinua mgongo. Anauliza: "Niichukue? Na kama si hii, nitafute ya namna gani?"

Shikamoo mzee wangu, na mama mfikishie yake. Nitakujibu kama ninavyomjibu baba yangu mdogo, bila kuzunguka: hiyo iache. Sijaiona kwa macho, na huenda muuzaji ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini mambo matatu uliyoyataja mwenyewe yananitosha: petroli, miguu ya nyuma, na miaka mitatu juu ya magogo. Huu ni mwaka wangu wa 27 wa kutengeneza na kukagua boti kati ya Msasani na Kunduchi. Wastaafu walioniita wakiwa wameshalipa ni wengi kuliko walioniita kabla. Wewe umeuliza kabla, kwa hiyo unastahili jibu refu.

Tuanze na safari zako, maana boti inachaguliwa na maji itakayopita. Bongoyo ni kama maili nne za bahari kutoka ghuba ya Msasani, na Mbudya ukitokea Kunduchi ni karibu zaidi. Maji hayo yana kinga ya miamba na visiwa, boti yoyote nzima inafika. Pale unalipa kiingilio cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na nanga unaitupa kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Kama safari zako zingeishia hapo, ningekwambia nunua boti ya faiba iliyoundwa hapa hapa kwetu, yenye turubai na mashine moja ya nje, na pesa nyingine ziache benki.

Ila umetaja Bagamoyo, Unguja na Mafia. Bagamoyo ni maili 30 hivi kutoka Msasani, na pwani yake ni tambarare mno. Maji yakitoka, majahazi yanabaki yamekaa juu ya mchanga. Hapa Dar wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Mtu aliyefunga boti kwenye maji ya kifuani, akirudi baada ya saa tano anaikuta imelala ubavu. Kwa hiyo boti yako isizame chini ya maji zaidi ya mita moja hivi, na iwe na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, unaotangulia kugusa chini kabla ya propela. Miguu ya nyuma haina kinga hiyo. Ikigusa mwamba wa Fungu Yasini, umeanza kuagiza vifaa kutoka nje.

Unguja ni kama maili 40, na njiani huna pa kujificha katikati. Mafia hadi Kilindoni ni kama maili 70. Unapita mbele ya delta ya Rufiji, ambako baada ya masika magogo huelea nusu yamezama. Halafu kuna upepo, ambao wewe kama mtu wa pwani unaujua kwa jina ila pengine hujaonja ladha yake ukiwa umeshika usukani. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mara nyingi ni rafiki. Kusi inaanza kukaza baada ya masika, na Juni hadi Agosti inapiga kweli. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unaongeza kasi. Maana yake, mwezi wa saba unakwenda Unguja ukisukumwa mgongoni, unafika unacheka. Kurudi Dar ndiyo safari yenyewe: upepo, wimbi na mkondo vyote vinakuja usoni. Boti unayoinunua ipimwe kwa safari hiyo ya kurudi.

Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja, ndani ya kusi. Watu wetu wengi walipotea, na wapo wanaosoma hapa waliopoteza ndugu siku ile. Zilitajwa sababu zaidi ya moja. Lakini kuna moja ambayo mimi kama fundi siwezi kuisahau: chombo kile kilijengwa mwaka 1989 kubeba abiria kwenye maji ya ndani ya Seattle, Marekani, yaliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Chombo kizuri kwa maji yake si lazima kiwe chombo cha maji yetu. Boti nyingi za anasa zinazoletwa hapa zimeumbwa kwa maziwa, mito na fukwe zilizokingwa: tumbo bapa, chumba kirefu kwenda juu, uzito mwingi juu na kidogo chini.

Kwa hiyo kwenye boti iliyouzwa Ulaya tangu mwaka 1998, tafuta kibao chenye alama ya CE karibu na usukani. Kitakuonyesha herufi A, B, C au D. Daraja C ni la upepo hadi nguvu ya 6 kwa kipimo cha Beaufort, na mawimbi hadi mita 2. Daraja B ni hadi nguvu ya 8 na mawimbi hadi mita 4. D usiiguse. Kwa mtu wa Mbudya na Bagamoyo wakati wa kaskazi, C inatosha. Kwa anayetaka kuvuka kwenda Unguja na Mafia, natafuta B. Boti za Marekani nyingi hazina kibao hicho, lakini upande wa kulia wa shetri, juu, kuna namba ya bodi ya herufi na tarakimu 12. Kwa zile za kuanzia katikati ya miaka ya 1980, tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka wa modeli. Isome mwenyewe. Nimeshakuta boti "ya 2004" ambayo namba yake inaishia 91.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo ndoto nyingi za wastaafu huishia kufunikwa turubai. Tuseme hiyo uliyoonyeshwa ina injini mbili za farasi 250 kila moja. Ikikimbia noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa, mwendo wake wa kawaida, itakunywa lita 90 hadi 110 kwa saa. Unguja ni saa mbili. Kwenda tu ni kama lita 200, na kurudi ni nyingine kama hizo. Kanuni ya baharini ni mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja halitumiki mpaka siku ya shida. Kwa hiyo unaondoka Msasani na lita 600 za petroli chini ya kitanda unacholalia na mama.

Linganisha na boti ya futi 30 yenye injini moja ya dizeli ya farasi 80 au 100, inayotembea noti saba. Hiyo inakunywa lita saba au nane kwa saa. Unaondoka saa 12 asubuhi, unaingia bandari ya Malindi, Unguja, kabla ya saa 6 mchana ukiwa umeshakunywa chai mara mbili, na umetumia kama lita 45. Ukiweka mafungu matatu, ni kama lita 135 tu. Nawaona wastaafu wakitaka noti 20 kana kwamba kuna ofisi inawasubiri Unguja. Mzee wangu, miaka yote umekimbizana na foleni ya Bagamoyo Road. Sasa saa tano za baharini na mama pembeni, akikuonyesha pomboo, ndiyo mali yenyewe unayoinunua.

Na petroli si suala la bei tu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia ndani ya ngama, yaani chini kabisa ndani ya tumbo la boti, kama maji. Cheche moja ya stata inatosha. Boti ya petroli yenye injini ya ndani ina feni ya kutoa mvuke, ambayo inabidi iwashwe dakika nne kabla ya kugusa ufunguo, kila mara, bila kusahau hata siku moja. Kwa joto letu na mipira ya mafuta iliyokaa juani miaka mitatu, mimi silali ndani ya boti hiyo.

Miguu ya nyuma nayo ina mpira wa mikunjo unaozuia bahari isiingie ndani pale shafti inapotokea. Mpira huo ni wa kubadilisha kila baada ya miaka michache. Uliokaa mitatu juani umekakamaa. Ukipasuka, hupati uvujaji mdogo, bahari inaingia. Mguu wenyewe ni wa aluminiamu na maji yetu ya chumvi na joto yanaula. Injini nyingi za petroli za aina hii zinapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, na kama haikuoshwa kwa maji baridi kabla ya kupandishwa kwenye magogo, manifoldi na mabomba ya eksozi yanaoza kwa ndani huku nje yamepakwa rangi safi. Yakitoboka, chumvi inaingia kwenye silinda. Fundi wa kufungua mguu wa aina hiyo hapa Dar yupo, lakini vifaa vinatoka Dubai au mbali zaidi, na wewe unasubiri.

Ninachokushauri utafute ni hiki: futi 26 hadi 32, injini moja ya dizeli iliyokaa katikati, shafti iliyonyooka, propela nyuma ya mkuku, na usukani wa majini wenye kitako cha chuma chini yake. Jina la injini liwe ambalo fundi wa Magogoni anaweza kulipatia chujio na impela ya pampu ya maji wiki hiyo hiyo. Yanmar kwa mfano, au dizeli nyingine ambayo ndugu zake zinafanya kazi kwenye boti za uvuvi hapa. Boti za mtumba za Japani, zile za uvuvi zenye chumba kidogo na dizeli moja, mara nyingi zinatufaa kuliko boti za kifahari za bei hiyo hiyo. Kasoro yake ni dari fupi. Kama una kimo, utaishi umeinama, kwa hiyo ingia ndani usimame kabla ya kujadili bei.

Kama moyo wako hautaki noti saba, njia ya pili ni boti ya mikuku miwili yenye mashine mbili za nje za mipigo minne. Ile mikuku inakata wimbi fupi la Msasani vizuri sana. Mashine za nje unazinyanyua kutoka majini ukifunga boti, unazisuuza kwa maji baridi, na ikifa moja unaifungua bolti nne unaipeleka gereji kwa pikapu. Gharama ya mafuta itapanda, nimekwambia tayari. Mimi nikistaafu nitachukua dizeli.

Tuje kwenye ukaguzi, na hapa uniruhusu nikae.

Mwaka 2016 mteja mmoja aliniita nikaone boti aliyoinunua wiki ile. Ilikuwa nyeupe inang'aa, ndani harufu ya ngozi mpya. Alitaka nimfungie ngazi ya kuogelea iliyolegea. Nikashika skrubu ya kwanza, ikatoka kwa vidole. Nyuma yake yakaja maji, rangi ya chai ya rangi, yakachora mstari juu ya ile rangi nyeupe mpaka chini. Yalinuka majani yaliyooza. Akaniuliza, "Hayo si ya mvua tu?" Nikachukua bisibisi nikaichomeka kwenye tundu lile lile, ikaingia mpaka mpini bila kugonga chochote kigumu. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Shetri za boti nyingi za faiba zina plaiwudi katikati. Kila skrubu, kila tundu la bomba ambalo halikuzibwa vizuri, ni mlango wa maji. Mbao inaoza miaka na miaka bila kuonekana, na ndiyo inayobeba ngazi, mashine au miguu. Kwa hiyo anzia hapo. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga shetri kutoka kona hadi kona ukisikiliza. Faiba nzima inalia kavu, ngo, ngo, ngo. Iliyooza au iliyoachana inajibu kwa sauti iliyozama, kama embe lililoiva mno. Halafu kijana mzito asimame kwenye jukwaa la nyuma arukeruke kidogo, wewe tazama kiungo cha shetri na ubavu. Kikicheza, ondoka. Omba ruhusa ya kufungua skrubu mbili zilizo karibu na mstari wa maji. Muuzaji akikataa skrubu mbili, ameshakujibu.

Nenda na nyundo hiyo hiyo kwenye sakafu ya sitaha, kuzunguka madirisha, na ndani kwenye mataruma yanayoshika injini. Hapo ndipo nguvu ya boti ilipo. Chini ya mstari wa maji angalia malengelenge. Machache madogo kama punje za mtama hayanitishi, yanakwanguliwa na kuzibwa wakati wa rangi. Yakiwa makubwa kama sarafu na yametapakaa, ukilitoboa moja likatoa majimaji makali kama siki, hesabu kazi kubwa ya miezi, na bei ishuke kwa kiasi hicho au uachane nayo. Vipande vya zinki vikiwa vimeliwa nusu nafurahi, maana vimefanya kazi. Vikiwa vimekwisha kabisa, najua shafti na propela vimeanza kuliwa badala yake. Valvu za chini ya maji zizungushe kwa mkono moja baada ya nyingine. Shaba iliyogeuka rangi ya waridi imepoteza zinki yake, inaweza kuvunjika kama biskuti.

Injini ya dizeli usiinunue kwa kuisikia ikinguruma yadini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini kabla hata ya salamu ndefu. Ikiwa ya moto, mwambie kwa upole utarudi kesho. Injini iliyochoka ikishapashwa moto inawaka vizuri kama mpya, ubaya wake unaonekana ikiwa baridi. Vuta kijiti cha oili. Nyeusi ni kawaida kwa dizeli, lakini ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ikiwaka, moshi mweupe kidogo wa dakika ya kwanza si kitu. Wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweusi ukiipa mzigo ni mafuta yasiyoungua vizuri: nozeli, hewa, au propela isiyolingana na injini. Maji ya kupozea yatoke kwenye eksozi bila kuchelewa.

Halafu nendeni baharini, na msiishie kuzunguka ghuba. Toka nje ya Bongoyo, mpe nahodha resi yote dakika chache, tazama kama mzunguko unafika ule ulioandikwa kwenye kibao cha injini. Kama kibao kinasema 3,000 na inagoma kwenye 2,500, ama chini ni chafu, ama propela si yake, ama injini imechoka. Usikubali uambiwe ni uchafu tu mpaka pasafishwe mjaribu tena. Kisha nusu saa ya mwendo wa safari, macho kwenye joto. Mkiwa bado mnatembea, fungua kifuniko cha ngama uone. Pakingi ya shafti ikidondosha tone tone ni sawa, ikichirizika hapana. Mwagia ndoo mbili za maji ndani ya ngama uone kama pampu inajiwasha yenyewe. Jaribio hilo hugharimu dakika moja na wengi hawalifanyi.

Jambo moja la injini linawaponyoka hata wazoefu. Mwaka jana mwezi wa saba nilisaidia kurudisha boti kutoka Unguja. Injini ilikuwa nzima, nilikuwa nimeikagua mwenyewe. Katikati ya mkondo, kusi usoni, ikaanza kupumua kama mtu mwenye pumu, ikafa. Nikashuka na tochi. Kile kikombe cha kioo chini ya chujio la dizeli kilikuwa na mashapo meusi kama ya kahawa. Tangi lilikuwa limekaa nusu tupu miaka, unyevu umeingia, uchafu umelala chini kimya kimya, wimbi limeukoroga. Tulibadilisha chujio mara tatu, boti imekaa ubavu kwa mawimbi, mikono inateleza kwa dizeli, mwenye boti anatapika. Tulikuwa na vichujio vinne. Kwa hiyo boti yoyote utakayoipenda, kabla ya kuvuka kwa mara ya kwanza, tangi lifunguliwe lisafishwe, hata kama dizeli inayoonekana juu ni safi kama asali.

Umeme nitapita haraka. Waya zilizounganishwa kwa selotepu zote zibadilishwe. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ni lazima, na chaneli ya 16 iwe wazi muda wote, kwa kuwa simu ya mkononi katikati ya njia si ya kutegemea. Televisheni na kiyoyozi visikuongezee hata shilingi kwenye bei. Kiyoyozi kinataka jenereta, na jenereta ni injini ya pili ya kuumwa. Kinachohitajika kulala Mbweni au Chole kwenye joto la Februari ni madirisha yanayofunguka mbele na nyuma hewa ipite, chandarua, na turubai pana juu ya sitaha. Boti nyingi za Ulaya zimejengwa kutunza joto. Ingia chumbani saa nane mchana, funga mlango, kaa dakika kumi. Utajua.

Na magoti, mzee wangu. Wewe una 61, boti hii unataka ikufikishe 75. Je, kutoka kwenye mtumbwi wa kukupeleka, unapanda vipi? Njia ya pembeni kwenda kwenye nanga ina upana wa kuweka mguu mzima, na kuna chuma cha kushika mkono hadi mbele? Nanga yenyewe na mnyororo wake utaivuta kwa mgongo au ina winchi? Ngazi ya kuogelea inashuka majini vipago vitatu angalau? Mtu akianguka baharini akiwa amechoka, ngazi fupi ni ukuta. Boti ambayo wewe na mama hamuwezi kuifunga na kuifungua bila kijana wa tatu ni kubwa mno kwenu. Ndiyo maana nikaishia futi 32.

Karatasi zimewaliza watu zaidi hata ya shetri. Bara, vyombo vinasajiliwa na kukaguliwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Unguja ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA. Taka hati ya usajili yenye jina la huyo anayekuuzia, cheti cha ukaguzi, na karatasi za TRA kuonyesha ushuru umelipwa. Wageni huingia na boti kwa kibali cha muda, wakaondoka wakaiacha kwa rafiki, rafiki akaiuza. Ushuru wa boti hiyo utakufuata wewe. Linganisha namba ya bodi na namba ya injini na karatasi kwa macho yako, kama ulivyokuwa ukilinganisha bikoni na ramani.

Pesa ya kununua isiwe pesa yote. Weka kando robo ya bei kwa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo hesabu kama asilimia kumi ya bei kila mwaka: rangi ya chini ya kuzuia viumbe, zinki, impela, mlinzi, kuipandisha. Maji yetu ya joto hayana huruma. Boti isiyokwanguliwa kwa miezi mitatu pale Msasani inaota ndevu na vikombe vigumu mpaka inapoteza noti mbili. Kama asilimia hiyo ikitolewa kwenye pensheni inakubana, tafuta boti ndogo zaidi, wala usione haya.

Kabla ya lolote, kodi boti ya mtu kwanza. Chukua boti yenye nahodha kwa Jumamosi nne: moja Mbudya, moja Bagamoyo na kulala, moja Unguja wakati wa tanga mbili, upepo unapogeuka, maji yakiwa shwari, na moja nje ya Bongoyo katikati ya Julai. Hiyo ya mwisho usiiruke. Ulizia pia Chuo cha Bahari Dar es Salaam kuhusu mafunzo ya usalama wa msingi, mwende wote wawili, kwa sababu siku wewe ukianguka ni mama atakayeshika usukani na redio. Na jifunze kusoma utabiri wa bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila asubuhi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, waliosikiliza walikuwa na muda wa kutosha kuvuta boti zao nchi kavu.

Ukipata boti inayokaribia nilivyoeleza, nitumie picha ya kibao cha injini, namba ya bodi, shetri kwa nyuma na ngama ikiwa imefunguliwa. Picha za makochi hazina haja. Kisha tupange siku ya kuijaribu, maji yakiwa yameanza kujaa, tusikwame. Njoo na tochi, kitambaa cheupe cha kufutia kijiti cha oili, bisibisi na ndoo. Mama naye aje, avae viatu atakavyovaa safarini, apande na kushuka ile ngazi mara tatu, akalale kile kitanda dakika tano injini ikiwa inanguruma. Akisema hapana, tutaangalia nyingine.